Mtambo wa Pamba na Harusi ya Mkokotoni

Sababu ya safari yangu ilikuwa godoro.

Jirani zangu wa Malindi, hapa mjini Unguja, mnaijua kazi yangu: nashona magodoro na mito, na tangu nifiwe na mume wangu sindano ndiyo inayonilisha. Sasa, mama yangu mdogo, Bi Asha, aliolewa zamani Mkokotoni na Mzee Makame, msokota kamba za makumbi ya nazi, na huko wakajaaliwa binti mmoja tu, Mize. Tangu Mize anatambaa, Bi Asha alikuwa akikusanya pamba. Alipanda miche uani, akaomba kwa huyu na yule, akaitoa mbegu kwa vidole vyake mwenyewe, akaitia maguniani na kuyapandisha magunia darini juu ya jiko. Alikuwa akisema godoro la sufi ni la kila mtu, kwani msufi haumnyimi mja. Mwanawe yeye atalalia pamba. Kauli hiyo aliitoa mbele ya watu si mara moja, na watu wa kwa bwana harusi, ng'ambo ya pili kisiwani Tumbatu, waliisikia na kuihifadhi.

Harusi ilipokaribia, magunia yakateremshwa. Pamba ilikuwa imekula moshi miaka yote ile. Panya walizaa ndani yake wakalea na wajukuu. Ilijaa majani, mchanga na masizi, na imeshikamana ikawa mabonge. Bi Asha akaniletea salamu kwa mchukuzi wa samaki anayekuja mjini: "Mwambie Zuwena jana bonge moja la pamba limemwangukia Mzee Makame kichwani likamtoa nundu. Aje upesi."

Hapa mjini pamba ya namna hiyo hupelekwa kwa mpiga pamba, yule Mhindi mwenye upinde mkubwa wa uzi wa utumbo. Yeye huugonga uzi, ukalia dung, dung, dung, na pamba ikafumuka yenyewe ikawa kama povu. Lakini mpiga pamba wetu alikuwa amekwenda kwao Kachi, Bara Hindi, kumwoza bintiye naye. Nikamlalamikia ndugu yangu Seif.

Seif ni mdogo wangu, mtu mzima mwenye ndevu zake na heshima zake, lakini akiona chuma chenye gurudumu anarudi utotoni. Alitoka mbio, akarudi anahema.

"Dada, nshapata! Ghalani kwa Bwana Virji, yule mwuza nguo wa Hurumzi, kuna mtambo wa kufumua na kusafisha pamba. Marehemu baba yake aliuagiza Ulaya, haujaguswa tangu hapo."

"Kwa nini haujaguswa?"

"Hawakuwa na mtu anayeufahamu."

"Na wewe unaufahamu?"

"Ntaufahamu njiani."

Bwana Virji alituazima bila kinyongo. Alitufungulia mlango wa ghala mwenyewe, akatusaidia kusukuma, akasema, "Chukueni, chukueni. Msifanye haraka kuurudisha." Niliona furaha yake imezidi kiasi.

Ulikuwa ni kasha la mbao lenye ukubwa wa kasha la bibi harusi. Tumboni mwake mlikuwa na gogo la mviringo lililoota meno ya chuma, na chini ya gogo kulikuwa na chekeche la fito za chuma. Upande mmoja ulikuwa na mdomo wa kulishia, upande wa pili tundu pana lenye pepeo za bati, na ubavuni mkono mrefu wa kuzungushia.

"Pamba chafu inaingia huku," Seif akanionyesha, "meno yanaichana, taka zinadondoka chini, na upepo unaisukuma pamba safi itokee kule."

"Na kidole kikiingia huku?"

"Dada, kidole usikitie."

Asubuhi ya safari tulipanda gari la moshi la Bububu, karibu na Ngome. Nyie mnalijua gari lile: likipita Malindi hupita karibu na madirisha ya watu hata unaweza kuonja mchuzi wa mtu bila kukaribishwa. Behewa la mizigo lilikuwa limejaa, basi mtambo tukauingiza behewani mwetu, baina ya viti. Mbele yetu alikaa bwana mmoja mnene, amevaa kanzu nzuri yenye kishada kirefu shingoni, kimetiwa uturi.

"Hiki nini?" akauliza.

"Mtambo wa kufungua pamba," Seif akajibu kwa fahari.

"Aliyeifunga nani?"

Seif akaanza kumweleza. Hapo gari likashika mwendo, na hapo ndipo tulipogundua kuwa ule mkono hauna kitu cha kuuzuia. Kila gari lilipotikisika, mkono ulizunguka kidogo, na meno mle ndani yakanguruma kr-kr-kr. Yule bwana akainama achungulie. Kishada kikatangulia.

Kwanza hakuelewa. Alidhani anavutwa na udadisi. Kisha gari likatikisika mara ya pili na uso wake ukagonga mdomo wa mtambo, akapiga kelele ndani ya kasha, na sauti yake ikatokea upande wa pili, kwenye tundu la pepeo, ikamshtua bibi mmoja aliyekuwa amesinzia huko. Seif akaurudisha mkono nyuma taratibu, na bwana akatoka mzima. Kishada kiliingia kimesukwa. Kilitoka kimefumuka kama ua la msufi, kinaelea kifuani pake na kutoa harufu ya uturi zaidi kuliko mwanzo.

Akakitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe kweli unafungua," akasema, akahamia behewa jingine.

Bububu tuliteremka, tukakodi gari la ng'ombe la Mzee Ngwali, mtu aliyezungumza na ng'ombe wake zaidi kuliko na watu. Ng'ombe waliyaona yale meno, wakapiga magoti wakakataa kuinuka. Mzee Ngwali akawanong'oneza masikioni, kisha akatugeukia.

"Wanasema huyo mnyama wenu afunikwe uso."

Tukamfunika kwa mikeka miwili. Tulipokuwa tukiifunga kamba, wakatukusanyikia watu wa mashamba ya Kidichi waliokuja stesheni na mizigo yao, na mmoja akauliza mtambo unafanya kazi gani. Seif akamwambia unachambua.

"Alhamdulillahi!" wakasema wote pamoja. Vidole vyao vilikuwa vyeusi kwa kuchambua karafuu, na kabla sijatia neno mmoja ameshachomoa kiganja cha karafuu na makonyo yake, vile vijiti vyake, ili ajaribu.

"Sio karafuu, ndugu zangu. Pamba."

Wakatutazama kwa huruma. "Unguja nzima hii," akasema yule wa kwanza, "nyie mmeleta mtambo wa pamba?" Wakaenda zao.

Alasiri tulifika Mahonda, na ng'ombe wakasema wamechoka. Tukapiga hodi kwa Bi Kazija, mjane anayejuana na Bi Asha, naye akatupokea vizuri, akatupikia muhogo wa nazi na kutulaza. Mtambo uliwekwa barazani. Asubuhi nilipotoka kufungasha, nikamkuta Bi Kazija amesimama mbele yake na mikono kiunoni.

"Shikamoo, Bi Kazija."

"Marahaba, mwanangu. Mna haraka?"

"Kidogo. Harusi ni kesho."

"Basi ntakuombeni subira. Kuku wangu yumo humo ndani, naye akikatizwa hatagi tena mpaka mwezi uandame."

Nikachungulia. Kuku mwekundu alikuwa amejikalia juu ya lile gogo, baina ya meno, amefumba macho kama yuko nyumbani kwa baba yake. Seif akaapa kuwa hatausogeza mtambo wala hatauachia mkono wake, akaushika kwa mikono miwili asije kuku akachanwa. Tukakaa. Bi Kazija akaleta chai. Mzee Ngwali akawaeleza ng'ombe sababu ya kuchelewa. Jua lilipokuwa limeshapanda sana, kuku akatoka, akatangaza kwa kijiji kizima, nasi tukaondoka na yai zima la moto tulilopewa zawadi, ambalo Seif alilipakata njia yote kwa sababu lilikuwa, kwa maneno yake, "kazi ya kwanza ya mtambo."

Mkokotoni tulifika jioni. Bi Asha alitupokea kwa vigelegele, akanikumbatia, akaukumbatia na mtambo. Seif akachukua bonge moja la pamba, jeusi kama jiwe la mekoni, akalitia mdomoni mwa mtambo na kuzungusha polepole. Kr-kr-kr. Chini zikadondoka taka, masizi, mchanga, na mkia mkavu wa panya. Upande wa pili ikatoka pamba nyeupe, laini, inapepea kama pumzi. Bi Asha aliidaka kwa viganja akaiweka shavuni. Nami nikakiri moyoni kuwa Seif, safari hii, ameleta kitu.

Nikaingia ndani kumwona Mize. Alikuwa amekaa kitandani, amepakwa hina miguu na mikono, na uso wake ni wa mtu anayengoja kung'olewa jino.

"Bi Zuwena," akaninong'oneza, "unamjua huyo Vuai?"

"Simjui. Nasikia ni kijana mtulivu."

"Mtulivu! Siku walipokuja kuposa, mjomba wake alimuuliza mbele ya wazee, 'Vuai, unamtaka binti huyu?' Unajua alijibu nini? 'Mnavyoona nyie.' Basi! Mie nilikuwa nyuma ya pazia, nimeacha kupumua nisikie, nasikia mnavyoona nyie. Hata mtu anayechaguliwa samaki sokoni husema zaidi. Sikatai, sitamwaibisha mama. Lakini kuishi na mtu asiyenitaka, nikawe kama kiti chumbani mwake, naogopa."

Nilimwambia atalalia pamba safi, na papo hapo nikaona jinsi jibu langu lilivyo dogo.

Siku ya harusi, asubuhi, tulianza kazi chini ya banda la uani. Bwana harusi na watu wake walitazamiwa baada ya adhuhuri. Mimi nilikuwa nimeshashona mfuko wa godoro kwa kitambaa cha bafta nyeupe, mrefu, kwani Bi Asha alitaka kila kitu kiwe cheupe. Seif alizungusha, wanawake wakadaka, nami nikapanga pamba juu ya mkeka. Kazi ilikwenda vizuri, na lau tungeendelea vile tungemaliza kwa salama.

Lakini Seif alitazama jua, akatazama magunia yaliyosalia, akaita wanaume wanne wenye misuli, wasokota kamba wa Mzee Makame, akawapanga kwenye mkono wa mtambo. Kisha, kwa kuwa vumbi lilituzidi, akafungua mlango wa uani unaoelekea pwani. Upepo wa kusi ulikuwa nje ya mlango ule unangoja tu kuambiwa karibu.

Sijui nisimulieje. Wale wanne walizungusha kama wanaovuta nanga ya meli. Mtambo uliacha kunguruma ukaanza kuimba. Pamba haikutoka tena kidogo kidogo, ilitoka kwa mlipuko, ikakutana na upepo, na upepo ukaibeba ile ya mtamboni na ile ya mkekani pamoja. Ilipanda juu ya mapaa. Ilitanda minazini. Ilimvaa mbuzi akawa kondoo. Sufuria za pilau zilikuwa wazi. Nilimwona Mzee Makame amesimama katikati ya uwanja na ndevu alizokuwa hana.

"Simamisheni!" nilipiga kelele. "Simamisheni jamani!"

"Hausimami!" wakajibu wale wanne, nao wakawa wanavutwa na mkono badala ya kuuvuta.

Uliposimama, kijiji chote kilikuwa cheupe, na kila mtu alikuwa akilia, kwani vumbi la moshi wa miaka yote ile lilitujaa machoni na puani. Tuliokota iliyookoteka, tukaishindilia ndani ya mfuko wa bafta, nikaushona mdomo mbiombio. Seif akasema tuupeleke nyuma ya nyumba, mahali pasipo na upepo. Tukaulaza juu ya kitanda cha kamba, na wale wanaume wanne wakakiinua mabegani, maana kichochoro ni chembamba. Bi Asha akawafuata hadi mlangoni, amejishika kichwa, anaililia pamba yake:

"Mwanangu wee! Nimekulea miaka yote hii, leo siku ya harusi uniondokee na upepo!"

Sasa tazameni vizuri. Wanaume wanne, wana pamba vichwani, macho mekundu, wamebeba kitanda mabegani. Juu yake kitu kirefu kimeshonwa ndani ya bafta nyeupe. Nyuma mama analia. Na upepo uleule uliotupokonya pamba ulikuwa umewaharakisha watu wa Tumbatu, wakafika kabla ya saa yao. Walikuwa wanapanda kutoka pwani kwa ngoma na nyimbo. Ngoma ikakatika.

Aliyekuwa mbele ni Mzee Kombo, mjomba wa bwana harusi, mtu mrefu, mkali, ambaye inasemekana alicheka zamani mara moja akajuta. Akasimama. Akaitazama pamba iliyotapakaa kote. Mnajua nyote pamba na bafta hukutana wapi: kwenye sanda.

"Inna lillahi wainna ilaihi rajiuna," akasema, akavua viatu, akakimbilia kitanda kama inavyompasa Mwislamu, akamwondoa mmoja wa wale wanne akatia bega lake. Watu wake wakamfuata, wanapokezana. Wale wasokota kamba walijaribu kusema, lakini makoo yamejaa nyuzi, wakakohoa tu. Mzee Kombo akapiga hatua mbili tatu, akageuka na mshangao usoni.

"Mwepesi sana marehemu," akamnong'oneza jirani yake. "Ameugua muda mrefu?"

Kisha akamwona Mzee Makame. "Ndugu yangu, pole sana. Ni nani huyu?"

Mzee Makame alitaka kusema ni godoro la Mize. Alifungua kinywa, akakohoa, akapaliwa, machozi yakamtiririka, akakohoa tena, na neno pekee lililopata njia likatoka:

"Mize..."

Nyuma ya kundi nikasikia kishindo. Kijana mmoja aliyevaa joho na kilemba cha harusi alikuwa amepiga magoti mchangani. Yule mtulivu. Akafungua mdomo, na sauti iliyotoka nadhani ilisikika Tumbatu.

"Mize! Mize wee! Mie nilikuwa nakutaka! Nilisema mnavyoona nyie kwa haya tu, nilikuwa natetemeka meno! Tangu mwaka juzi navuka kila Ijumaa kununua kamba kwa baba yako nipate kupita mlangoni kwenu! Sina chombo mie! Nna kamba chumba kizima, sina hata hori ya kuvulia! Mama kanambia niache kununua kamba, nikamwambia bado kidogo! Mize wangu, ulinisemesha mara moja, ukaniambia kamba nzito hizo, utaziweza? Sijalala siku ile!"

Wanawake wa pande zote mbili walikuwa wanalia sasa, na si kwa vumbi. Nami nililia. Nililia nikijua fika kuwa tunalilia godoro.

Dirisha la ndani likafunguka. Bibi harusi hatakiwi kuonekana, na hakuonekana. Ukatoka mkono mmoja tu uliopakwa hina, na sauti.

"Vuai! Nyamaza basi, nipo hapa!"

Waliobeba kitanda hawakungoja kusikia zaidi. Waliachia wote kwa pamoja, wengine wakaelekea pwani, wengine wakaelekea msikitini. Mzee Kombo peke yake alibaki ameshikilia mguu mmoja wa kitanda, kwa hiyo godoro lilimwangukia yeye. Ushoni wangu wa mbiombio ukaachia. Upepo ukaingia, na pamba ikapanda tena.

Na hapo ndipo koo la Mzee Makame lilipozibuka.

"Godoro!" akapaza sauti. "Ni godoro la Mize!"

Mzee Kombo akainuka taratibu kutoka chini ya bafta, mweupe kutoka kilemba hadi nyayo. Uso wake ulinitisha.

"Nimelisomea godoro," akasema.

Akaikung'uta pamba mabegani.

"Mmetuita harusini, mkatufanyia mchezo na mauti. Kina sie tuna heshima zetu. Turudini chomboni."

Bi Asha akashika ukuta. Nilimwona Seif amejificha nyuma ya mtambo wake. Watu wa Tumbatu wakaanza kujikusanya, na nikajua kuwa mzee yule akishavuka maji hatarudi, na kauli hii itabaki baina ya visiwa viwili mpaka wajukuu.

"Mjomba," Vuai akasema. Alikuwa bado kapiga magoti, kilemba kimekaa upande. "Mie siondoki."

"Umesemaje?"

"Siondoki. Mwenye kuoa ni mie."

Mzee Kombo akamgeukia kama mtu aliyesemeshwa na kinu. Akavuta pumzi ndefu amjibu, na ile pumzi ikavuta na nyuzi za pamba. Pua yake ikatetemeka. Akainua kidole, akangoja, kisha akapiga chafya iliyompeperusha kuku.

"Alhamdulillahi," akasema, maana hata mwenye ghadhabu hawezi kuacha kusema.

"Yarhamukallah!" tukamwitikia wote, wa huku na wa kule.

Akafungua tena kinywa kutoa hukumu yake. Akapiga chafya. Tukamwitikia. Akajaribu tena. Akapiga chafya. Kila mara akishukuru nasi tukimwombea rehema, mpaka mtu mmoja wa Tumbatu akashindwa, akacheka. Kicheko kikashika wengine, kikaruka kutoka kundi lao kuingia letu, na Mzee Kombo, katikati ya chafya yake sijui ya ngapi, akaanza kutikisika mabega. Mwanzo tulidhani anaugua.

"Haya," akasema alipoweza kusema, akijipangusa macho. "Haya. Aitwe sheikh. Lakini hilo godoro lishonwe vizuri, kwani mie nshalizika mara moja, silirudii."

Nikakimbilia kwa Mize. Alikuwa amekaa chini ya dirisha, hina yake imeparuzika, analia na kucheka.

"Sasa wasemaje?" nikamuuliza.

"Bi Zuwena, niozesheni upesi, kabla hajanyamaza tena!"

Alasiri ile, baada ya ndoa kufungwa, kila mgeni alipewa kikapu. Waliokota pamba minazini, mapaani na vichakani, wakamkamata na yule mbuzi. Mzee Kombo alikuja kuutazama mtambo kwa kisirani, akaushika mkono, akazungusha mara moja, kr-kr-kr, akaona pamba inavyotoka. Basi hakuna aliyeugusa tena mpaka magharibi; kila aliyeomba kumpokea alifukuzwa. Pilau tulilila. Lilikuwa na nyuzi nyuzi, na wageni kwa adabu zao walisema ni laini. Godoro lilipatikana, si nene kama alivyoliota Bi Asha, na ndani yake kulikuwa na majani ya mnazi na manyoya ya kuku kiasi, lakini lilikuwa la pamba, naye aliliketia mbele ya watu wote ili washuhudie.

Siku ya kurudi mtambo haukuwa nasi. Mzee Kombo aliuvusha Tumbatu, akisema ataujaribu kwenye makumbi ya nazi, na alipokuwa anaufunga chomboni aliufunga kwa kamba za Vuai. Seif alisimama pwani mpaka chombo kikawa nukta. Njiani kutoka Mkokotoni alikuwa akigeuka nyuma kila mara, na Mzee Ngwali aliniambia kwamba ng'ombe nao wanamhurumia.

Mimi niliyatafakari yaliyotupata. Kwa miaka wazazi wamekuwa wakinijia na vitambaa vyao vya magodoro na kunilalamikia mposaji fulani hasemi, na mie nikiwajibu kwa ujuba: asiyesema hana la kusema. Sitawajibu hivyo tena. Nitawaambia wamtazame anakopita na anachonunua bila kukihitaji. Na kuhusu pamba nimejifunza hili, nalo nawapa bure: funga mlango wa pwani kwanza, ndipo uite wanaume.

Bububu tulikaa stesheni kungojea gari la moshi. Pembeni yangu alikuwapo bibi mtu mzima na kapu lake la ndimu. Nikamwamkia, akaniitikia, kisha akawa anatukagua: mimi na pamba yangu ndani ya nywele na kope, Seif na macho yake yaliyovimba, na nguo zetu zilizojaa masizi.

"Mnatoka wapi, wanangu?"

"Mkokotoni, bibi. Harusini."

Akatutazama tena kutoka juu hadi chini, akanishika mkono akaupapasa.

"Basi poleni sana," akasema, akatupa ndimu mbili.